Njenga Karume: mwuza makala mwenye alikuja kuwa tajiri wa pombe Kenya

Chupa ya pombe yenye inafunguliwa leo Swima imepita mikono mingi. Imetoka kiwandani mbali, ikapanda kamyo ama boti, ikalala depo Uvira au Baraka, kisha ikafika kwa mama mwenye anauza kijijini. Kila mkono umeongeza faida yake kidogo. Watu wanajua jina la pombe, wanajua na bei. Lakini wachache wanajiuliza: katikati ya kiwanda na mnywaji, ni nani anabaki na franga nyingi?

Nchini Kenya kulikuwa mtu mmoja mwenye alijenga maisha yake yote pale katikati. Jina lake James Njenga Karume. Hakuwa na kiwanda cha pombe hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kununua kasiye kiwandani, kuzipakia kwenye kamyo na kuzifikisha kwa wenye mabaa. Kwa kazi hiyo alifika kuwa bilionea kwa hesabu ya shilingi za Kenya, alikuwa mbunge, alikuwa waziri. Alikufa mwaka 2012. Maisha yake yanaonyesha vile mtu anaweza kupanda kutoka chini kabisa, na yanaonyesha pia tofauti kati ya mali ya kubeba na mali ya kumiliki.

Mtoto wa shamba la mzungu

Karume alizaliwa mwaka 1929 karibu na ziwa Elmenteita, katika bonde la Rift Valley, kwenye shamba kubwa la Soysambu. Shamba hilo lilikuwa la Lord Delamere, mzungu mwenye sifa kubwa kati ya walowezi wa Kenya. Zamani ile nchi ilikuwa malisho ya Wamasai. Kwa mkataba wa mwaka 1904, Waingereza waliwahamisha Wamasai, na sehemu kubwa ya bonde ikapewa wazungu.

Wazazi wake walikuwa Wakikuyu wenye asili ya Kiambu, upande wa Nairobi. Kama familia nyingi za Kiambu wakati ule, udongo uliwakosa kwao wakaenda kuutafuta kwenye mashamba ya wazungu. Huko mtu alipewa mahali pa kujenga nyumba, kulima kidogo na kufuga. Malipo yake ilikuwa kumfanyia mzungu kazi siku nyingi za mwaka kwa mshahara mdogo sana. Mwenye shamba akichoka naye, anamfukuza. Mtoto alikulia mahali ambapo baba yake anajua kila jiwe na kila mti, lakini hana hata kipande cha udongo chenye jina lake.

Jambo hili lilibaki kichwani mwa Karume. Baadaye, alipopata mali, karibu kila faida aliipeleka kwenye udongo na majengo.

Masomo yake hayakuwa marefu. Alisoma shule za kawaida za Waafrika, kisha akaenda Jeanes School ya Kabete, karibu na Nairobi, mahali serikali ya ukoloni ilikuwa inafundisha Waafrika kazi mbalimbali, na pia mambo ya biashara. Pale alijifunza kuandika hesabu ya kinachoingia na kinachotoka. Kwa mtu mwenye aliuza vitu kwa mkono, kitabu cha hesabu kilikuwa silaha.

Makala kwanza

Biashara yenye ilimfungulia njia ni makala. Hata kitabu chenye kinaeleza maisha yake, chenye kilitoka mwaka 2009, kinasema katika jina lake kwamba alitoka kwenye makala akafika kwenye dhahabu. Mtu wa Fizi hahitaji kuelezwa makala ni nini. Mti unakatwa, unafunikwa udongo, unachomwa polepole, kisha magunia yanateremka kwenda mjini. Mwenye kuchoma anapata kidogo. Mwenye gari, mwenye anajua soko la mjini, ndiye anapata zaidi. Hiyo hesabu ya njia, yaani kununua mahali kitu kiko kingi na kukifikisha mahali kinakosekana, ndiyo Karume alitumia tena na tena mpaka uzee.

Wakati ulikuwa mgumu. Mwezi wa 10 mwaka 1952 Waingereza walitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Wakikuyu ndio walibanwa zaidi. Mwezi wa 4 mwaka 1954 wanajeshi walizunguka Nairobi, wakakamata maelfu ya watu. Vijijini watu walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa kwenye vijiji vyenye ulinzi. Mkikuyu hakuweza kutembea bila karatasi ya ruhusa, na biashara bila kutembea haiwezekani. Wafanyabiashara wengi wadogo walifilisika miaka ile. Wenye walibaki na njia ya kufanya kazi, walitokea upande wa pili wakiwa mbele ya wenzao, na Karume alikuwa kati yao.

Pombe yenye Mwafrika alikatazwa

Ili kuelewa utajiri wa pombe nchini Kenya, lazima kurudi nyuma kidogo. Kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na walowezi, kati yao ndugu wawili, George na Charles Hurst. George aliuawa na tembo mwaka uliofuata akiwa kwenye uwindaji, na ndiyo maana pombe yao kubwa ilipewa jina la Tusker, na tembo akawekwa kwenye chupa. Kwa miaka mingi ya ukoloni pombe hiyo ya chupa ilikuwa ya wazungu. Sheria ilimkataza Mwafrika kuinunua. Aliachiwa pombe ya kienyeji, na hata hiyo mara nyingi kwa ruhusa. Mlango ulifunguliwa baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Ulipofunguliwa, kiwanda kiliona soko jipya la mamilioni ya watu. Lakini wakubwa wa kiwanda hawakujua vijiji. Hawakujua nani ana baa ya kweli, nani ni mwizi, njia gani inapitika wakati wa mvua. Walihitaji Waafrika wenye kujua. Karume, mwenye alikuwa amejaribu biashara ya baa upande wa Kiambu, alipata kazi ya kusambaza pombe. Kampuni yake ya usambazaji iliitwa Nararashi Distributors.

Kazi ya msambazaji inaonekana rahisi kwa macho. Kwa kweli ni kazi ya pesa nyingi na faida ndogo kwa kila kasiye. Lazima ulipe kiwanda kabla ya kuuziwa na wateja wako. Lazima uwe na kamyo, dereva, mafuta, mlinzi, na depo isiyovuja. Chupa tupu nazo ni mali: zikivunjika au zikipotea, ni hasara yako, kwa sababu kiwanda kinataka chupa zirudi. Mwenye baa anataka mkopo mpaka mwisho wa mwezi. Mwenye kushinda ni yule mwenye kamyo zake hazisimami, zinapeleka zenye kujaa na kurudisha tupu, kila siku. Faida ya kasiye moja haijengi nyumba. Faida ya kasiye elfu, siku 300 kwa mwaka, inajenga hoteli.

Uhuru na marafiki wakubwa

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 mwezi wa 12 mwaka 1963. Serikali ya Jomo Kenyatta ilitaka biashara itoke mikononi mwa wageni. Mwaka 1967 ilitunga sheria ya leseni za biashara, yenye ilifunga baadhi ya maeneo na baadhi ya bidhaa kwa watu wasio raia. Nafasi nyingi zilifunguka kwa ghafla, na wenye walikuwa tayari na mtaji, gari na jina zuri benki ndio walizichukua. Karume alikuwa tayari. Tena alikuwa mtu wa Kiambu, nyumbani kwa Kenyatta mwenyewe, na alikuwa anafahamiana na rais.

Hapa ndipo maisha yake yanagawanya watu mpaka leo. Wenye kumpenda wanasema alikuwa mchapakazi, mwenye kuamka mapema na kujua hesabu yake. Wenye kumlaumu wanasema wachapakazi walikuwa wengi Kenya, lakini si wote walikuwa na njia ya kufika kwa rais. Yote mawili ni kweli. Miaka ile ya 1970 pengo kati ya matajiri wachache na masikini wengi lilikuwa mjadala mkali. Mbunge J.M. Kariuki, mwenye alikuwa anasema wazi juu ya pengo hilo, aliuawa mwezi wa 3 mwaka 1975.

Karume mwenyewe aliingia bungeni mwaka 1974 kwa kuteuliwa na rais. Mwaka 1979 alisimama kwenye uchaguzi na kushinda kiti cha Kiambaa, akawa na naibu waziri pia.

GEMA, nguvu na hofu ya chama cha kabila

Mwaka 1971 ulianzishwa muungano wenye jina la GEMA, wa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Watu wa Kivu wangeuita mitualite ya kabila. Karume alichukua uenyekiti mwaka 1973. Alileta mle akili yake ya biashara: GEMA ilifungua kampuni, watu wa kawaida wakaalikwa kununua hisa, na pesa zao zikanunua mashamba na biashara. Mkulima mwenye hakuweza kununua hata heka moja peke yake aliambiwa kwamba akiungana na wengine, watanunua shamba zima la mzungu.

Kwa wanachama ilikuwa matumaini. Kwa makabila mengine ya Kenya ilikuwa hofu, kwa sababu GEMA ilikuwa na pesa, ilikuwa na wabunge, na ilikuwa karibu na ikulu. Hofu iliongezeka mwaka 1976. Kenyatta alikuwa mzee, na katiba ilisema rais akifa, makamu wake anashika nafasi kwa muda. Makamu alikuwa Daniel arap Moi, Mkalenjin. Kundi la wanasiasa, Karume na Kihika Kimani wakiwa mbele, lilizunguka nchi likidai kipengele hicho kibadilishwe. Mwezi wa 10 mwaka huo mwanasheria mkuu, Charles Njonjo, alitoa onyo kwamba kuongelea kifo cha rais ni kosa lenye adhabu ya kifo. Kampeni ikazimika.

Kenyatta alikufa tarehe 22 mwezi wa 8 mwaka 1978. Moi akawa rais, kama vile katiba ilisema. Sasa mtu mwenye alitaka kumfungia njia alikuwa chini yake. Wengi walifikiri Karume atavunjwa. Hakuvunjwa. Alijua kuinamisha kichwa mvua inaponyesha. Mwaka 1980 vyama vyote vya kabila viliamriwa kufungwa, GEMA pamoja na Luo Union na vingine. Kampuni ya GEMA ilibadilishiwa jina ikaendelea na biashara kama Agricultural and Industrial Holdings. Karume akabaki mbunge, na kamyo zake zikaendelea kutembea.

Kutoka chupa kwenda kwenye majengo

Katika miaka hiyo faida ya pombe ilikuwa inageuka kuwa vitu visivyovunjika. Alinunua shamba kubwa la Cianda, kule Kiambu. Alikuwa na Hoteli Jacaranda, mtaa wa Westlands, Nairobi. Alikuwa na hoteli ya ufukweni Diani, kusini mwa Mombasa. Na alikuwa na Lake Elmenteita Lodge, kandokando ya ziwa lile lile karibu na mahali alizaliwa. Mtoto wa mtu asiye na udongo alirudi akiwa na jengo lenye jina lake kwenye karatasi, wageni wakilipa kuangalia ndege na maji yenye yeye alikuwa anayaona bure akiwa mtoto.

Siasa haikumwachia kupumzika. Vyama vingi viliporuhusiwa mwisho wa mwaka 1991, aliacha KANU akawa mmoja wa waanzilishi wa Democratic Party pamoja na Mwai Kibaki. Mwaka 1992 alikosa kiti cha Kiambaa. Mwaka 1997 alikipata tena. Mwaka 2002 aliwashangaza wengi: rafiki yake Kibaki alikuwa mgombea, lakini yeye alimuunga mkono Uhuru Kenyatta, mtoto wa Jomo. Kibaki akashinda. Miaka michache baadaye Kibaki huyo huyo alimwingiza serikalini, na Karume akawa waziri wa ulinzi. Mwaka 2007 alishindwa uchaguzi, na ule ukawa mwisho wa ubunge wake.

Siku mkataba ulikatwa

Pigo kubwa la biashara yake lilimpata akiwa mzee. Mwisho wa miaka ya 1990 South African Breweries, kampuni ya Afrika Kusini, iliingia Kenya na kufungua kiwanda Thika, ikiuza pombe ya Castle. Kwa mara ya kwanza Kenya Breweries ilipata mpinzani wa kweli, na kila msambazaji aliangaliwa kwa jicho kali. Vita hivyo vya pombe viliisha mwaka 2002 kwa mapatano: Waafrika Kusini walifunga kiwanda cha Thika, na Kenya Breweries ikaacha kiwanda chake cha Moshi, Tanzania.

Kenya Breweries ilikata mkataba wa Karume. Mtu mwenye alifikisha pombe yake vijijini kwa miaka mingi alijikuta hana kasiye ya kupakia. Depo zilikuwepo, kamyo zilikuwepo, wateja walikuwepo. Kitu kimoja tu hakikuwa chake: pombe yenyewe. Alienda mahakamani. Mahakama Kuu ilimpa haki, ikaamuru alipwe fidia ya mamilioni mengi ya shilingi. Kampuni ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ikapindua hukumu hiyo.

Msambazaji mwingine angeishia pale. Karume hakuishia pale kwa sababu, tangu zamani, faida hakuila yote na hakuirudisha yote kwenye pombe. Hoteli na mashamba vilibaki. Hili ndilo somo linalowagusa wenye depo wa Baraka, wenye maboti ya ziwa Tanganyika, na hata kijana mwenye anauza kadi za simu: ukiuza kitu cha mwingine, leo unakula, lakini kesho yako iko mfukoni mwake. Siku anaamua kubadilisha mtu, hakuna kamyo yenye itakusaidia.

Baada ya kifo

Karume aliugua kansa, akafa Nairobi tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka 2012, akiwa amepita miaka 80. Alizikwa Cianda, kwenye udongo wake mwenyewe, na wakubwa wa nchi walikuja kumsindikiza.

Kabla ya kufa alikuwa na wasiwasi mmoja, wenye matajiri wengi wanao: kwamba watoto watagawana mali vipande vipande mpaka iishe. Kwa hiyo mali yake kubwa aliiweka chini ya Njenga Karume Trust. Maana yake, mashamba na hoteli havikugawiwa watoto mmoja mmoja. Viliwekwa mikononi mwa wasimamizi, wavilinde na kuviendesha, na familia ipate matunda: karo ya shule, matibabu, pesa za kuishi.

Kwenye karatasi ilionekana kuwa hekima. Lakini miaka haikuwa mingi, watoto wakafika mahakamani. Walilalamika kwamba wasimamizi wanaharibu mali na kwamba wao, wenye damu, wanaomba kama wageni kwenye nyumba ya baba yao. Wasimamizi wakajibu kwamba wanafuata kile marehemu aliandika. Kesi ilizaa kesi. Familia yenye jina kubwa ikawa habari ya magazeti, na mawakili wakapata sehemu yao.

Karume alijifunza mapema kwamba udongo wa mwingine unaweza kukufukuza, na uzeeni alijifunza kwamba pombe ya mwingine inaweza kukuacha. Katika mambo hayo mawili alijilinda vizuri kuliko watu wengi wa kizazi chake. Kile hakuweza kupanga kwa karatasi ni kuwafanya wenye kubaki waaminiane. Makamyo alijua kuyaendesha akiwa mbali, kwa simu na kitabu cha hesabu. Watoto na wasimamizi walihitaji kukaa naye mezani pamoja akiwa hai, wasikilizane juu ya nani atashika nini na kwa nini. Mzee mwenye duka moja Swima, mwenye shamba la mihogo na boti la kuvua, ana mali ndogo mara elfu kuliko ya Karume, lakini mazungumzo hayo ni yale yale, na hayahitaji wakili.